Nati Nne Chini ya Feni

Kiwandani walimwita Kaza, na jina hilo alilitolea jasho. Alichokikaza yeye hakikulegea. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa feni kubwa ya kunyonya vumbi katika kiwanda cha milango na vitanda, na katika miaka yote hiyo haikuanguka hata nati moja kutoka kwenye mtambo wake. Akimaliza kukaza huchovya kijiti kwenye kopo la rangi nyekundu, akapiga mstari mmoja, nusu juu ya nati na nusu juu ya chuma, ili nati ikithubutu kusogea mstari ukatike naye aone. Mafundi wenzake walimtania kwamba anazipaka nati wanja. Yeye aliwajibu kwa kupayuka, maana kusema polepole hakukujua, kwamba nati zake zina adabu kuliko watoto wao.

Feni yenyewe ilikuwa kubwa kama kibanda cha mlinzi. Ilinyonya unga wa mbao kutoka kwenye misumeno na randa, ikausukuma kwenye bomba nene la bati lililopanda ukuta, likavuka ua na kuishia kwenye chumba cha vumbi. Ilipowashwa, bati lilitetemeka, zege likatetemeka, na meno ya watu yakatetemeka vinywani. Waliofanya kazi karibu nayo walizungumza kwa mikono. Kaza hakuona ubaya wowote. Kwake yeye mvumo ule ndio uzima wa mtambo, na viziba masikio alivyopewa na ofisi alivitundika msumarini vikashika vumbi. Hata alipokwenda kumpa mtu pole alisema kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya barabara, waliokaa wote wakageuka.

Nyuma ya kiwanda, ukuta kwa ukuta, zilikuwapo nyumba za wafanyakazi, na ya kwanza kabisa ilikuwa ya Kaza mwenyewe. Wakazi walilalamika weee, mpaka ofisa wa mazingira akaja. Akampa meneja siku thelathini: kelele zishuke, au zamu ya jioni ifungwe. Kaza akajua sasa ataitwa yeye. Nani mwingine angeitwa? Alinyoa ndevu, akavaa ovaroli safi, akangoja. Siku ya tatu aliitwa kweli.

"Bwana Kaza, nimepata mtaalamu wa kelele," meneja alisema. "Utamwonyesha mtambo, utamsaidia atakachotaka."

"Mtaalamu gani?"

"Anasema mnajuana. Mmeoa nyumba moja."

Kaza alijihisi kama mtu aliyemeza msumari.

Mwanyumba wako ni mwanamume aliyeoa ndugu wa mkeo. Hukumzaa, hukumchagua, wala huwezi kumkwepa. Mama mkwe anawapima nyote wawili kwenye mizani moja, na lazima mmoja aonekane mwepesi. Kaza alimwoa dada mkubwa. Alimwezekea mama mkwe paa, akamjengea choo, akambadilishia milango mitatu. Kisha akaja huyu bwana mwenye sauti ya kunong'ona, akamwoa dada mdogo, na siku moja tu akatia tone la mafuta kwenye bawaba iliyokuwa ikilia. Mama mkwe akaisimulia bawaba hiyo mwaka mzima. "Mkwe wangu huyu ana mkono mwepesi, jamani! Hata mlango unamsikiliza." Kaza, aliyeutengeneza mlango wenyewe, alikuwa amekaa palepale na kikombe mkononi. Masikio yake yaliyokuwa mazito kwa mambo mengine, hayo yaliyapata yote.

Mwanyumba huyo alianza kama fundi bati, mtu wa masanduku na mifereji ya mvua. Halafu akaenda kusoma miezi tisa, akarudi na kikoba cha ngozi chenye kipimo cha kelele. "Kozi ya kunyamazisha!" Kaza alimpigia kelele mkewe siku habari hizo zilipofika. "Mimi watoto wanne nimewanyamazisha bila kozi!" Mkewe alimtazama tu, akainua birika kidogo kumuuliza kama aongezewe chai. Mwanamke huyo hakuwa na maneno, na Kaza alijisifia hilo mbele ya wanaume wenzake. Wao wanakwenda nyumbani kusutwa, yeye anakwenda kupumzika.

Mwanyumba alifika asubuhi ya Jumatatu, akamwamkia kwa heshima zote. "Shikamoo, mwanyumba. Habari za huku?" Ilibidi Kaza ainame ndipo amsikie, na kumwinamia mtu huyu alikuwa ameapa hatafanya. Walizunguka mtambo pamoja. Kipimo kilisoma desibeli tisini na sita kando ya feni, themanini na moja kwenye ukuta wa nyumba. Mwanyumba aliweka kiganja kwenye bomba la bati, akaligonga hapa na pale kama mnunuzi wa tikiti maji, kisha akapiga magoti na kuchungulia chini ya feni.

"Bolti hizi alifunga nani?"

"Mimi!"

"Zimekazwa kweli kweli."

Kaza hakujua kama amesifiwa au ametukanwa, na jambo hilo lilimsumbua mpaka saa ya chakula cha mchana.

Saa hiyo alikwenda nyumbani kama kawaida. Alipopita dirisha la jikoni akasimama. Ndani, juu ya kigoda chake yeye, alikaa mwanyumba, daftari gotini. Mbele yake alisimama mkewe, mwiko mkononi, anazungumza. Si neno moja wala mawili. Alizungumza kama gunia lililotoboka. Alionyesha ukuta, akaonyesha dari, akajipiga kifuani, akacheka hadi akashika meza, kisha akajifuta macho kwa upindo wa nguo. Mwanyumba anaandika, anatikisa kichwa, anaandika tena. Kaza alisimama nje katikati ya mvumo wa feni na hakusikia hata herufi moja. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na hakuwahi kumwona mwanamke huyu.

Alipoingia, mkewe alinyamaza, akamnyooshea mkono kwenye sahani.

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Kelele, mwanyumba," yule bwana alisema, akafunga daftari. "Kelele tu."

"Nini?"

"Kelele."

"Kelele gani inayochekesha?"

Kaza alikula chakula chake chote na hakujua kilikuwa chakula gani.

Tangu siku hiyo wivu ulimshika pabaya. Nisimsingizie: kwamba mwanyumba anamwibia mke, alilifikiria mara mbili, zote alfajiri, na mara zote mbili aliona haya. Kilichomla kilikuwa kibaya zaidi ya hapo. Kumbe mkewe ana maneno! Anayo tele, yana vicheko na machozi ndani yake, na mwenye nyumba hagawiwi, anapewa mpita njia mwenye daftari. Alianza kurudi nyumbani saa zisizo zake, eti amesahau spana. Alimuuliza mkewe maswali ya mtego, akajibiwa kwa kichwa, ndiyo na hapana. Wivu ni kidonda, wanasema, ukishiriki utakonda. Kaza akakonda, mkanda ukarudi tundu moja.

Huku kazi inakwenda. Na ilikwenda vizuri, hilo ndilo lililomuuma. Ingekuwa kazi mbovu angepumua. Mwanyumba alilikata bomba la bati pale linapotoka kwenye feni, akaliunga kwa shingo ya turubai nzito, ili feni itetemeke peke yake bila kulitetemesha bomba. Uani akaliongezea bomba hilo sanduku refu la bati, ndani yake amelivisha pamba ngumu ya kijivu inayotengenezwa kwa mawe, imeshikiliwa na bati lenye matundu madogo madogo. "Hewa itapita," alieleza kwa sauti yake ile ya chini, "sauti itanaswa humo." Kaza ndiye aliyelichomelea sanduku hilo, na alichomelea vizuri, maana mkono wake haukujua kufanya vibaya hata moyo ukitaka. Meneja alipopita alimpiga mwanyumba begani. Kaza alikuwa juu ya ngazi, miwani ya kuchomelea usoni, na hakuna aliyetazama juu.

Mwisho wakainua feni kwa winchi, wakaweka chini ya miguu yake minne vipande vinene vya mpira.

"Zege hili linapita chini ya ukuta hadi jikoni kwako," mwanyumba alisema. "Feni ikitikisika, zege linaubeba mtikisiko hadi kwenye kabati lako la vyombo. Sasa mpira utaumeza. Ila nati hizi nne za chini usizikaze, mwanyumba. Ziguse mpira tu, halafu nati ya pili inakaa juu yake kuizuia isisogee. Mpira ukibanwa sana ni sawa na jiwe."

"Nati isiyokazwa ni ajali!"

"Hizi zimeachwa hivyo makusudi." Akafuta mikono, akaokota kikoba chake. "Shemeji naye atapata usingizi sasa."

Akaondoka. Kaza alibaki amesimama na spana yake. Usingizi? Nani kasema hapati usingizi? Yeye alilala naye kitanda kimoja kila siku ya Mungu na hakujua habari hiyo. Alijuaje huyu?

Ofisa wa mazingira alikuwa anakuja Jumatatu. Jumapili mchana, kiwanda kimefungwa, Kaza alimwambia mlinzi kwamba anakwenda kukagua mtambo. Alilala chini ya feni. Alizifungua zile nati za juu, akashika zile za chini moja baada ya nyingine, akaiongezea spana kipande cha bomba ili apate nguvu, akakaza. Alikaza mpaka mpira ukatokeza pembeni kama ulimi. Alijiambia ni usalama, kwamba feni ya uzito ule haiwezi kuachwa ikielea kama boya, kwamba mtu akiumia atalaumiwa nani. Uongo mtupu, na alijua ni uongo. Alitaka mtu yule ashindwe, na ashindwe mbele ya mwanamke aliyempa maneno. Alipomaliza akarudisha nati za juu, akafunga, akajifuta vumbi, akaenda zake.

Jumatatu walikusanyika: ofisa, meneja, mwanyumba na Kaza. Feni ikawashwa. Uani, chini ya bomba la bati, watu waliinua vichwa kwa mshangao, maana ule mfoko wa hewa waliouzoea ulikuwa umebaki pumzi tu. Ofisa alitabasamu na kuandika. Kisha wakaenda nyumba ya kwanza.

Mkewe alikuwa amevaa gauni lake jipya, amesimama katikati ya jiko kama mtu anayengoja mgeni. Vikombe vyote vilikuwa vikigongana kabatini. Maji ya beseni yalitetemeka. Kutoka sakafuni ulipanda mngurumo mzito uliopita kwenye nyayo na kuingia mifupani.

"Vipi, mama?" ofisa aliuliza.

"Afadhali ya zamani," alisema. "Imezidi."

Akamtazama mwanyumba, akatazama sakafu, na uso wake ukafunga kama duka. Hicho ndicho Kaza alichokuwa amekitafuta Jumapili nzima, kwamba auone uso huo ukimgeuka yule bwana. Sasa ameuona, na haukuwa umemgeuka mtu yeyote. Mwanamke alikuwa amekata tamaa, basi.

"Wewe umeniambia nini siku zote hizi?" meneja alimgeukia mwanyumba, sauti juu. "Mimi nifunge zamu nzima kwa ajili ya mipira yako?"

"Nipeni nusu saa," mwanyumba alisema. "Na mwanyumba aje anisaidie."

Feni ilizimwa. Wawili hao wakapiga magoti kando ya miguu yake. Mwanyumba hakuhitaji nusu saa. Kwenye kila mguu, juu ya nati, ulikuwapo mstari mwekundu ulionyooka vizuri. Kwa miaka kumi na tisa Kaza hakuwahi kukaza nati bila kuitia rangi, na Jumapili mkono ulikuwa umefanya kazi yake bila kumuuliza mwenyewe. Yeye naye ndiyo kwanza aliona. Mwanyumba alipitisha kidole juu ya mstari mmoja. Rangi haikuwa imekauka sawasawa. Akaifuta kwenye suruali yake.

"Lete spana," alisema.

"Waambie basi."

"Niwaambie nini?"

"Usinifanyie wema!" Feni ilikuwa kimya, kwa hiyo sauti ya Kaza ilijaza kiwanda kizima, na watu wa misumeno wakageuka. "Ulikuwa unaongea nini na mke wangu?"

Mwanyumba akafungua kikoba, akatoa daftari, akatafuta ukurasa.

"Kila mwenye nyumba ninamuuliza maswali yaleyale. Unasikia nini, saa ngapi, inakuzuia nini. Wengi wananipa mistari miwili. Soma mwenyewe."

Maneno ya mkewe yalikuwa yamejaza kurasa tatu. Kwamba usingizi haumjii mpaka zamu itoke, na kabla haujakolea kumekucha. Kwamba redio aliigawa. Kwamba yeye na mumewe wakigombana hugombana kwa mikono, na mtu wa dirishani atadhani wanacheza. Pembeni ya hapo mwanyumba alikuwa ameandika: amecheka. Chini zaidi mwandiko ulikuwa umebanana: "Zamani nilikuwa namhadithia mambo. Yeye husema nini, nami narudia. Ukirudia neno mara tatu linakuwa ugomvi. Basi nikaacha. Siku hizi namwambia ya lazima tu, na ya lazima si mengi."

Kaza alisoma mistari hiyo mara mbili. Alirudisha daftari, akachukua spana, akalala chini ya feni. Zile nati nne alizilegeza yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka mpira ukarudi umbo lake, na kila robo mzunguko ilimkwaruza rohoni, maana hakuwahi kulegeza kitu maishani akakiacha hivyo. Mwanyumba alimshikia tochi.

Walipowasha tena, vikombe havikugongana. Ofisa aliweka kipimo juu ya meza ya jikoni, akasubiri, akaandika, akasaini. Meneja alimshika mwanyumba mkono kwa mikono yake yote miwili, akamuuliza tatizo lilikuwa nini. "Nati zilikuwa hazijakaa sawa," mwanyumba alijibu. "Tumeziweka sawa." Kaza alisimama kando, akamwonea wivu hata kwa hilo, kwamba ameweza kusema uongo kwa upole kiasi kile.

Jioni zamu iliingia, misumeno ikaanza, na jikoni feni ilisikika kwa mbali kama mtu anayepumua chumba cha pili. Kaza alikaa kwenye kigoda chake. Mkewe alimwekea chakula, akanyoosha kidole kuonyesha chumvi.

"SASA TUNAWEZA KUONGEA!" Kaza alisema.

Mkewe alishtuka, kijiko kikamponyoka. "Polepole, baba watoto. Nakusikia."

Akajaribu polepole. Sauti ilimtoka nyembamba, ya kukwaruza, si kama yake. "Nati nilizikaza mimi. Jana."

"Kwa nini?"

"Yeye ulimpa maneno. Mimi hunipi."

Mkewe alisema kitu akiwa amegeukia jiko.

"Nini?" Kaza aliuliza, na palepale akajuta. Feni ilikuwa imetulia, ila masikio yalikuwa yaleyale. Akavuta kigoda hadi karibu naye, akamgeuzia sikio la kushoto, ambalo lilikuwa na nafuu.

Alirudia. "Nimesema, aliniuliza."

"Na mimi nakuuliza."

Mkewe alikaa. Alifuta meza ambayo haikuwa na uchafu, akalikunja tambara, akalikunjua. Kaza hakusogeza sikio lake.

"Jino linaniuma," alisema mwishowe.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Aibu ilikuwa inakuja, Kaza aliiona inakuja, lakini kabla haijafika kuna kitu kingine kilichoitangulia.

"Mwanyumba anajua?"

"Hajui. Hata mama hajui. Sijamwambia mtu."

Basi Kaza akafurahi. Mkewe ana jino bovu la mwaka mzima, na yeye, Mungu amsamehe, alifurahi kwamba ameambiwa yeye wa kwanza. Halafu akawasha tochi, akamwambia afungue kinywa, alione ni lipi.